Video ya tangazo haitembei: tafuta imekwama wapi

"Wamenibana." Hiyo ndiyo lawama ya kwanza kwa mwenye duka ambaye video yake ya tangazo imepata watazamaji mia mbili, nusu yao wakiwa ndugu zake. Mtandao huzuia video isiwafikie watu wakati mwingine, sikatai, lakini hilo liwe jambo la mwisho kulichunguza. Video fupi ya biashara ina vituo vinne: mtu asimame kuitazama, aimalize, amtumie mwenzake, kisha mtu fulani aje kununua. Ikikwama, hukwama kwenye kituo kimoja, na dawa ya kituo hicho inaweza kuharibu kingine. Kwa hiyo kabla hujakata, hujaongeza muziki wala hujalipia chochote, jua kwanza imekwama wapi.

Fungua takwimu za video yenyewe. TikTok na Instagram zinaonyesha kwa mstari wa grafu jinsi watu walivyobaki au kuondoka kadiri sekunde zinavyokwenda, na zinahesabu waliowatumia wengine. Mstari ukiporomoka mwanzoni, anza na sehemu ya kwanza hapa chini. Ukienda vizuri hadi mwisho lakini waliotuma ni wachache, ruka uende ya pili. Kama imetumwa sana na simu ya dukani haijalia, soma ya tatu. Matatizo ya picha, sauti na kufungiwa yanafuata baada ya hapo.

Watu wanapita bila kusimama

Sababu inayoongoza ni nembo. Nembo inazunguka, jina la duka linatokea kwenye moshi, muziki wa kishindo, halafu sauti nzito: "Je, umesumbuka kwa muda mrefu...?" Aliyeulizwa hayupo tena, yuko kwenye video ya tatu mbele. Mtindo huo ulitoka kwenye televisheni, ambako anayesubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku hakuwa na pa kwenda. Kidole kwenye simu kina pa kwenda.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Zima sauti, tazama sekunde mbili za mwanzo, simamisha. Kuna jambo limeanza ambalo hujui litaishaje? Mtu ameinua ndoo ya maji juu ya simu mpya: ndiyo. Mtu amesimama mbele ya rafu anatabasamu: hapana. Mara nyingi hata huhitaji kurekodi upya, maana tukio lenye uhai limo humo humo, limejificha kwenye sekunde ya nane au ya kumi. Kata kila kilicho mbele yake. Nembo ipeleke mwisho, au bora zaidi iwe ndani ya tukio: kwenye aproni, kwenye mfuko, kwenye mlango wa duka nyuma ya anayezungumza.

Sababu ya pili: haieleweki bila sauti. Abiria aliyebanwa kwenye mwendokasi wa Kimara, mkono mmoja umeshika bomba, hawezi kukufungulia sauti. Weka maneno kwenye kioo, mistari miwili isizidi, herufi nene. Usiyaweke chini kabisa, kwa sababu hapo kapsheni itayafunika, wala upande wa kulia wenye vitufe vya kulaiki na kutuma. Katikati kuelekea juu ndipo salama.

Angalia pia umbo. Video iliyopigwa simu ikiwa imelazwa inaonekana kama kipande cha utepe katikati ya giza. Piga simu ikiwa wima, 1080 kwa 1920.

Ikiwa umelipia kubusti, yaani mtandao uisambaze video zaidi, na bado wanapita, chunguza ulichochagua. Wengi huchagua Tanzania nzima ilhali mteja wao hatoki nje ya Tandika, Temeke na Mbagala. Mfumo wa matangazo wa Facebook na Instagram unakuruhusu kuweka alama kwenye ramani na kuchagua umbali kwa kilomita. Halafu lipo lengo. Ukichagua watazamaji, utapewa watu wenye mazoea ya kutazama na kupita, na mfumo utakuwa umekutendea haki. Ukitaka meseji, chagua meseji.

Ukishakata mwanzo, ukaweka maneno, ukajaribu toleo la tatu na mstari bado unaanguka palepale, acha kukata. Tatizo si uhariri tena. Wazo ndilo halipo.

Wanaitazama hadi mwisho lakini hawamtumii mtu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa video inaonekana nzima. Picha safi, sauti safi, watu wanalaiki. Lakini haiondoki.

Sababu ya kwanza, na inaziacha nyingine mbali: video inamsifu muuzaji, haimpi mtumaji cha kusema. Mtu akituma video kwenye grupu anaweka na jina lake pale. Anataka aonekane mcheshi, au mjuzi, au mwenye kujali. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: andika sentensi ambayo mtumaji ataiandika juu ya video yako. "Shangazi, huyu si wewe kabisa?" "Jamani msinunue begi la shule kabla hamjaona hii." "Baba, ndiyo ile pampu niliyokwambia." Ukishindwa kuiandika, au ikija tu "duka zuri hili", funga kompyuta, hakuna atakayetuma.

Ukishapata sentensi, utajua inaelekea grupu lipi. Dar mambo yanatembea kwa magrupu ya WhatsApp: la ukoo, la kikoba, la waliomaliza shule pamoja, la jumuiya, la wazazi wa darasa la tatu, la wapangaji wanaobishana juu ya bili ya maji. Kila moja lina sababu zake za kutumiana vitu. Chagua moja kabla ya kuandika skripti. "Watanzania wote" si grupu.

Njia inayotoa sentensi hiyo kwa urahisi zaidi ni jaribio. Kampuni ya Blendtec ya Utah, Marekani, inayotengeneza blenda, ilianza mwaka 2006 kuweka mtandaoni video za mkuu wake, Tom Dickson, akiwa amevaa koti jeupe la maabara, akisaga vitu visivyosagwa: gololi, mpini wa reki, baadaye hata iPhone. Watu walitumiana kwa ajili ya utundu wake, lakini kila aliyetazama aliondoka na habari moja kichwani, kwamba mashine ile ina nguvu. Mwaka 2013 Volvo walimpandisha Jean-Claude Van Damme kwenye vioo vya pembeni vya malori mawili yanayorudi nyuma, akapiga msamba katikati ya barabara kadiri malori yalivyoachana. Lililokuwa likiuzwa ni usukani wa lori kwenda ulikoelekezwa bila kuyumba. Usukani ukiyumba, mtu anaanguka. Katika kazi zote mbili huwezi kuitoa bidhaa ukabaki na video.

Muuza mabegi wa Mtaa wa Congo hahitaji Van Damme. Ajaze begi mchele, kilo 20, alitundike kwa mkanda wake mmoja kwenye bomba imara mbele ya duka, abandike bei kwenye begi, aache simu ikirekodi kwenye stendi. Wapita njia watasimama kubishana litakatika lini, na mtu atadai mchele ule si kilo ishirini, apewe mizani. Ubishi huo ndio tangazo lenyewe, na Kariakoo haijawahi kukosa wa kubishana. Angalizo moja tu: mtu asikae chini ya begi, na bomba lisiwe la dari ya jirani.

Sababu ya pili ni aibu. Utani wa chumbani unatazamwa na wengi, kila mtu peke yake. Utaona watazamaji elfu kadhaa na waliotuma kumi. Jiulize kama mtu anaweza kuifungua mbele ya mama mkwe. Kama hawezi, grupu la ukoo limeshafungwa kwako, na kwa bidhaa za nyumbani hilo ndilo grupu lenye wanunuzi.

Ya tatu: kichekesho si cha hapa. Mtu ameona video ya Lagos au ya Marekani imetamba, ameitafsiri, ameiigiza Sinza. Mwigizaji anatamka maneno ambayo hakuna mtu wa Sinza aliwahi kuyatamka. Jiji hili lina vyake: fundi cherehani na gauni la Idi, "njoo kesho" tangu mwezi wa Shaaban, konda aliyemeza chenji, mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, umeme wa LUKU kukatika ugali ukiwa jikoni, mvua ya masika na Jangwani. Tukio ambalo mtazamaji limemkuta halihitaji maelezo, na sekunde ulizookoa unazitumia kwa bidhaa.

Hapo hapo nitoe onyo. Utani wa makabila una wenyewe. Mtani anamtania mtani wake, wanajuana, na aliyetaniwa ana haki ya kurudisha. Duka halina mtani. Maneno yale yale yakitoka kwenye akaunti ya biashara yanageuka tusi, na huwezi kuomba radhi kwa kusema "ilikuwa utani tu".

Sababu ya mwisho katika kundi hili ni ya bando. Faili zito halijifungui lenyewe kwenye simu ya mtu anayehesabu megabaiti. Anachokiona kwenye grupu ni picha moja yenye ukungu na ukubwa wa faili. Fupisha video, na hakikisha fremu ya kwanza peke yake inatosha kumfanya mtu akubali kuilipia.

Imesambaa kila mahali, dukani kimya

Bei. Anza hapo, na mara nyingi utaishia hapo. Mteja wa Dar amechoka na "bei njoo inboksi". Akisoma hivyo anaamini mambo mawili: bei ni kubwa, au bei inategemea jina la mtu na lafudhi yake. Andika bei kwenye kioo. Kama zipo za aina nyingi, andika ya chini na ya juu.

Baada ya bei, mahali. Hili wengi hawalijui: video ikihifadhiwa na kutumwa WhatsApp, kapsheni haisafiri nayo, wala kiungo kwenye wasifu wako. Inafika uchi. Kila kitu ambacho mnunuzi anakihitaji kiwe kimechomwa ndani ya picha: jina, namba ya simu, na mahali kwa maneno ambayo bodaboda anayaelewa. "Tupo Kariakoo" hayatoshi. "Kona ya Msimbazi na Aggrey, ghorofa ya pili, ngazi za kando ya duka la mapazia" yanatosha. Yabaki kwenye kioo sekunde nne kamili, mtu awahi kupiga picha ya kioo.

Kama bei na mahali vipo na bado kimya, rudi kwenye somo la Blendtec na Volvo: ukiitoa bidhaa, je, video inabaki? Muulize mtu aliyeicheka jana: lilikuwa tangazo la nini? Akikusimulia kichekesho kizima na asikumbuke kilichokuwa kikiuzwa, umewafurahisha watu bure. Huwezi kulitibu hilo kwa kukuza nembo. Inabidi bidhaa ndiyo ifanye tukio litokee au likwame.

Kuna sababu za kawaida zaidi ambazo watu huona haya kuzitaja. Simu iliyoandikwa iko kwa kijana aliyerekodi video, naye amelala. Mzigo umekwisha. Au video imetamba Mwanza na huna utaratibu wa kutuma kwa basi. Piga namba yako mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine, saa mbili usiku, uone nani anapokea na anasemaje.

Subiri kidogo pia. Video ya mabegi ya shule iliyotamba mwezi wa tisa inaweza kuuza Januari, mzazi akikumbuka.

Usijaribu kuziba pengo la mauzo kwa ahadi. "Punguzo la nusu bei" ambalo halipo, picha ya bidhaa isiyo hiyo, "wa kwanza 100 bure" bila idadi ya kweli: Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia. Kama unauza dawa au chochote unachodai kinatibu, simama hapo. Usirekodi kabla hujaulizia masharti kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, maana matangazo ya dawa yana utaratibu wake wa kibali.

Picha ina mistari inayopanda na kushuka, au inapepesa

Hii inaonekana zaidi kwenye maduka ya ndani yenye taa za bei ndogo. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za aina hiyo zinafifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Simu nyingi zimepangwa kurekodi fremu 30 kwa sekunde, mpangilio wa nchi zenye umeme wa hezi 60. Hesabu hazikutani, mistari inatokea.

Badilisha kuwa fremu 25 kwa sekunde. Kwenye iPhone, ingia mipangilio ya kamera, upande wa kurekodi video, uwashe PAL, ndipo 25 itaonekana. Kwenye simu zenye hali ya kitaalamu, weka kasi ya shata 1/50 au 1/100. Ikikataa, zima taa zote usogee mlangoni au dirishani. Jaribu taa moja moja, maana mara nyingi mkosaji ni balbu moja. Ibadilishe. Usifungue taa wala kuunga waya za nyongeza kwa selotepu ili uongeze mwanga. Soketi ikipata moto au ikitoa harufu, toka hapo umwite fundi umeme, tangazo lingoje.

Nyuso kuwa nyeusi ni tatizo jingine. Sababu yake kubwa ni kumweka mtu mbele ya mlango wenye jua. Simu inapima mwanga wa nje, inamtia mtu giza. Mgeuze, au gusa uso wake kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo kifunge, kisha pandisha mwanga kidogo. Kwa video za nje, epuka saa sita hadi saa tisa mchana, jua linapochimba vivuli chini ya macho. Saa kumi na moja jioni ufukwe wa Coco unakupa mwanga ambao taa za kukodi hazikupi, ila upepo wake utakula sauti.

Picha ikitoka na ukungu kama wa ndoto, usitafute programu. Umetoka kwenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la Dar, lenzi imetoa jasho. Subiri dakika kumi, futa kwa kitambaa laini.

Sauti haisikiki, au inachelewa midomo

Haisikiki: kipaza sauti kiko mbali. Sogeza simu, au tumia maiki ndogo ya kubana kifuani. Jenereta, bajaji na mvua juu ya bati haviondolewi na programu bila kuondoka na sauti ya mtu pia. Sauti ya msimulizi irekodi kabatini, kichwa kikiwa katikati ya nguo zilizotundikwa. Watu watakucheka, lakini sauti itatoka safi.

Inachelewa: ama umetumia kipaza sauti cha Bluetooth, ambacho huchelewesha, ama simu imerekodi kwa fremu zisizo sawa na programu ya kuhariri imechanganyikiwa. Piga makofi mara moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, upate alama ya kulinganisha. Kwa rekodi ambayo haiwezi kurudiwa, mfano ushuhuda wa mteja aliyesafiri, mpe fundi sauti faili ghafi kabla hujaigusa.

Kwangu ni safi, ikifika WhatsApp ni tope

WhatsApp inabana video kila inapopakiwa upya. Picha zenye punje nyingi zinazosogea ndizo zinazoumia zaidi: maji yanayorukaruka, moshi, karatasi za kumetameta, majani ya mnazi kwenye upepo. Herufi nyembamba nazo hufutika. Tuma kwa ubora wa HD, na kwa wale unaotaka waisambaze, watumie kama dokumenti ili faili lifike lilivyo. Usichukue nakala iliyozunguka grupu tatu ukaiposti tena.

Kwenye stetasi, video ndefu hukatwakatwa. Tengeneza toleo la sekunde 30 linalojitegemea, usiuachie mtandao uchague pa kukata kichekesho chako.

Na kama umeshusha video yako TikTok ukaipandisha Instagram ikiwa na ile alama inayorukaruka, usishangae ikidorora. Instagram walitangaza mwaka 2021 kwamba video za aina hiyo hazitapewa kipaumbele. Hifadhi toleo lisilo na alama kabla ya kuposti popote.

Imenyamazishwa au imeondolewa

Takriban mara zote ni wimbo. Akaunti ya biashara ina maktaba yake ya nyimbo, ndogo kuliko ya akaunti binafsi, na sababu ni haki za matumizi ya kibiashara. Watu huikwepa kwa kurekodi na akaunti binafsi wakiwa na wimbo unaotamba mjini, halafu wanalipia kubusti, na hapo ndipo mfumo unawakamata. Kumtaja msanii kwenye kapsheni hakukupi ruhusa. Wala kutumia sekunde chache tu, ingawa imani hiyo imeenea kama maji ya kisima.

Rahisi kwanza: badilisha wimbo, chukua kwenye maktaba ya kibiashara ya mtandao husika. Au ajiri mpiga ngoma wa mtaani kwako akupigie sekunde ishirini, muandikishane. Au acha sauti halisi za tukio: mafuta yanayochemka, mkasi wa fundi, kelele za wapiga debe. Zinabeba video kuliko watu wanavyodhani, na hazina mwenye kudai. Ukiutaka wimbo wenyewe, zungumza na wenye haki kabla ya kurekodi, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo pa kuanzia kuuliza. Ukipokea barua ya madai chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999, usijibu kwa meseji ya WhatsApp. Mtafute wakili.

Mambo mawili mengine huondoa video au kukuletea wageni usiowataka. Droni bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, hasa maeneo ya karibu na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Na kurekodi kwenye kambi za jeshi, bandarini au karibu na majengo nyeti ya serikali. Kazi yenye waigizaji, vifaa na barabara kufungwa, ulizia Bodi ya Filamu na serikali ya mtaa mapema. Kijana wa ulinzi akikwambia zima kamera, zima kwanza, bishana baadaye.

Ya kwanza ilitamba, ya pili imekufa

Kwa kawaida umerudia sura ya ile ya kwanza badala ya swali lake. Begi lilitundikwa, watu wakabishana, sasa umetundika begi la rangi nyingine. Hakuna wa kubishana tena, jibu wanalo. Blendtec waliweza kurudia kwa miaka kwa sababu kila kitu kipya kilileta swali jipya: hiki nacho kitasagika? Basi badilisha swali. Begi lile lile livutwe nyuma ya bajaji Mtaa wa Nyamwezi, lizamishwe baharini Feri, apewe mtoto wa chekechea siku nzima. Hilo la mwisho ndilo jaribio gumu kuliko yote.

Inasambaa kwa ubaya

Kabla ya kufuta, tambua ni ubaya wa aina gani. Kuna kuchekwa kwa kosa dogo: neno limeandikwa vibaya, mwigizaji amejikwaa, bei imekosewa sifuri. Hiyo wacha, au icheke na wewe kwa video ya pili siku hiyo hiyo. Wengi hufuta kwa hasira, kumbe ndiyo bahati yao ya mwaka.

Kuna watu kukereka kweli: dini, kabila, msiba, mwili wa mtu. Simamisha kubusti dakika hiyo, mfumo usiendelee kulipia moto. Usijibizane kwenye komenti, na wakataze marafiki kukutetea, kwa maana chawa huwa wanaongeza kuni. Ondoa video, omba radhi mara moja kwa maneno machache yanayotaja ulichokosea, kisha nyamaza. Radhi ya pili na ya tatu huwakumbusha waliosahau.

Kuna mtu kuonekana bila ridhaa: mteja, mpita njia, mama ntilie ambaye sahani zake umezifanyia mzaha. Sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda. Akikupigia, ondoa kwanza, sikiliza, usimtake athibitishe kuwa ameumia. Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi, kwa maandishi, na hata ikiwepo, video inayomfanya mtoto kichekesho usiitengeneze.

Ukiona mojawapo ya haya, hatua zako binafsi zimeisha: umeitwa polisi au na TCRA (mamlaka ya mawasiliano), umepokea barua ya wakili, mtu ameumia wakati wa kurekodi, au unatuhumiwa kusambaza taarifa za uongo au picha za faragha, mambo yanayoguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Usifute akaunti, usibadilishe kapsheni, usirekodi video ya kujieleza ukiwa ndani ya gari unalia. Kusanya rekodi ghafi, meseji ulizowasiliana na waigizaji, ridhaa zilizosainiwa na risiti za malipo, uziweke sehemu mbili tofauti, kisha mpigie wakili. Ndivyo atakavyovitaka kwanza, kabla hata hujaanza kumsimulia.